Miezi Kumi ya Masomo ya Jioni ya PCB: Tathmini ya Kituo Kimoja cha Watahiniwa wa Kujitegemea Dar es Salaam

Kwa miezi kumi, kuanzia Julai hadi Aprili, nilisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ya kidato cha tano na sita katika kituo cha masomo ya jioni kilichopo wilaya ya Ubungo, Dar es Salaam. Nilianza nikiwa na umri wa miaka 28, nina shahada ya uhasibu na ajira ya kupokea malipo hospitalini, na nilikwenda pale kwa lengo moja, nalo ni kupata alama zitakazoniruhusu kuomba nafasi ya kusomea Shahada ya Udaktari. Kabla ya kujiandikisha nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyekwisha kupita njia hii, nikakuta matangazo ya vituo yanayojisifu. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye uamuzi wa udaktari umemjia akiwa amekwisha kupita tahasusi nyingine, yaani mchepuo mwingine wa masomo, na ambaye sasa ameshika fedha yake mkononi akijiuliza aipeleke wapi. Jina la kituo nimeliacha, kwa sababu kina walimu wanne tu na yeyote aliyesoma pale angemtambua mara moja mtu ninayemlalamikia; isitoshe, vituo vya aina hii vipo vingi jijini, na mambo niliyoyaona mimi yanaweza kuchunguzwa katika kituo chochote.

Nieleze kwanza nilikotoka, kwa kuwa ubora wa kituo hutegemea pia mwanafunzi anakuja na nini. Kidato cha nne nilipata C ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia, kisha nikachagua ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunafikiria ajira ya haraka. Ajira niliipata. Kwa miaka minne nilikaa nyuma ya kioo cha dirisha la malipo nikijua kwa kichwa bei ya kila kipimo bila kujua kipimo chenyewe kinatafuta nini mwilini. Wazee walikuwa wakiinama dirishani na kuniuliza, "Mwanangu, hiki nilichoandikiwa ni cha nini?", nami nilikuwa nawaelekeza warudi kwa daktari. Swali hilo lilikuwa linanifuata hadi nyumbani. Nikaanza kuwauliza madaktari wa zamu, nikaanza kusoma mwenyewe usiku, na kufikia mwaka wa nne nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba kazi ninayoitaka ni ile inayofanyika ndani ya chumba cha daktari.

Jambo la kwanza nililojifunza, na ambalo wengi wenye shahada za fani nyingine hawalijui, ni kwamba shahada yangu ya uhasibu haikunisogeza hata hatua moja. Mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, unamtaka mwombaji wa udaktari awe na ufaulu wa prinsipo tatu (alama ya A hadi E) katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isiyopungua pointi 6, na angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu. Mlango mwingine ni wa Stashahada ya Utabibu, ambayo ni ya miaka mitatu na inapokea wenye ufaulu wa kidato cha nne katika masomo ya sayansi. Mhitimu wake mwenye wastani wa B au GPA ya 3.0, na ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa, anaweza kuomba kuingia udaktari. Njia hiyo ni nzuri, na kwa mtu ambaye yuko tayari kuanza kuwahudumia wagonjwa mapema akiwa tabibu, mimi ningemshauri aifikirie kwa uzito. Kwangu, miaka mitatu ya stashahada, mitano ya shahada na mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, ilikuwa safari ndefu mno ukilinganisha na kukaa mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa hiyo nikachagua kurisiti, kama tunavyosema, ingawa kwa hakika sikuwa narudia kitu: masomo yale nilikuwa nayasoma kwa mara ya kwanza.

Kituo hiki kina vyumba viwili vya madarasa katika ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Vipindi huanza saa 11:30 jioni na kumalizika saa 2:30 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na pia Jumamosi. Ratiba hiyo inamfaa mtu wa kazini: nilikuwa natoka ofisini saa 9:30 alasiri, napanda daladala, na kwa kawaida nilifika na nusu saa ya kupitia madaftari. Darasa letu lilikuwa na watu 22. Wengi walikuwa vijana waliomaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia na kukosa alama, lakini tulikuwemo watano tuliotoka kazini, akiwemo muuguzi mmoja na mwalimu wa shule ya msingi. Umeme ukikatika jenereta huwashwa ndani ya dakika chache, na katika miezi kumi sikumbuki kipindi kilichofutwa kwa sababu ya giza. Ada ni shilingi 40,000 kwa somo kwa mwezi, hivyo nililipa 120,000 kila mwezi kwa masomo matatu.

Sasa niseme kile ambacho kituo hiki kinakifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, nacho ni usahihishaji. Mwalimu wa Kemia ana utaratibu ambao naamini ndio ulionipatia alama zangu. Kila Ijumaa alitupa swali moja kutoka mitihani ya nyuma, tulijibu kwa muda uleule wa mtihani, na Jumatatu karatasi ilirudi imesahihishwa mstari kwa mstari, kwa wino mwekundu, kana kwamba imetoka kwa msahihishaji wa Baraza la Mitihani. Nakumbuka karatasi yangu ya mwezi wa pili. Nilikuwa nimeandika jinsi ya kupata nitrobenzeni kutoka benzeni, mlinganyo wangu ukiwa sahihi kabisa, nikashangaa kukuta nimepewa nusu ya alama na pembeni limeandikwa neno moja, "Masharti?". Nilimfuata baada ya kipindi. Alinikalisha, akaniambia, "Dada, wewe umenipa viungo vya pilau, hukuniambia moto." Kisha akanieleza kwamba asidi ya nitriki na asidi ya salfuriki lazima zote mbili ziwe zimekolea, na joto lisipande juu ya nyuzi 60, kwa sababu likipanda kundi la pili la nitro linaingia kwenye benzeni na unapata kitu kingine. Tangu siku hiyo sikuandika mlinganyo wa kemia ya kaboni bila kuandika masharti juu ya mshale, na nilipofika mtihanini mkono wangu ulikuwa unayaandika wenyewe.

Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu vituo vingi hujitangaza kwa wingi wa madesa, yaani nukuu za masomo zilizochapwa. Na mimi nilijiandikisha nikivutiwa na madesa: meza ya mapokezi ilikuwa na marundo yake, yamejalidiwa vizuri, somo kwa somo. Lakini desa hata rafiki anaweza kukutolea nakala. Mtu aliyetoka nje ya sayansi kwa miaka kumi hana njia ya kujua kosa lake liko wapi, kwa kuwa anaposoma jibu la kwenye desa linamwonekea sawa na lile alilokuwa nalo kichwani. Anayehitaji kulipwa ni mtu atakayesoma ulichoandika wewe. Kwa hesabu yangu nilirudishiwa karatasi 31 za Kemia katika miezi ile kumi, na bado ninazo zote.

Mwalimu wa Baiolojia naye anastahili sifa, ingawa kwa jambo tofauti. Alifundisha kwa Kiswahili hadi tuelewe, kisha akatutaka tuandike kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, papo hapo, kabla hatujatoka darasani. Kwa wale waliokuwa wakiishi na Kiingereza cha shule hadi mwaka jana hili lilikuwa zoezi la kawaida. Kwetu tuliotoka kazini, ambako siku nzima tunazungumza Kiswahili, lilikuwa mazoezi ya kuokoa maisha. Usiku mmoja wa Septemba alifundisha figo. Alichora nefroni ubao mzima, akaeleza jinsi damu inavyochujwa kwenye glomerulasi, maji na chumvi vinavyorudishwa mwilini, na mabaki yanavyopelekwa kwenye mkojo, kisha akataja kreatinini: kwamba misuli huitengeneza kila siku, figo huichuja, na figo zikipungua nguvu ya kuchuja, kiwango chake kwenye damu hupanda. Nilikuwa nimepokea malipo ya kipimo cha kreatinini kwa miaka minne. Nilinyoosha mkono nikauliza kama ndiyo ileile, akasema ndiyo hiyohiyo, akanipa chaki nije nielezee darasa kwa maneno yangu. Kesho yake kazini, mzee mmoja aliponiuliza karatasi yake ina nini, nilimwambia kwamba wanataka kujua figo zake zinachuja damu vizuri kiasi gani, na kwamba majibu atasomewa na daktari.

Fizikia ndiyo sehemu iliyoniumiza. Mwalimu tuliyeanza naye aliondoka mwishoni mwa Septemba, na kwa wiki tatu hatukuwa na mwalimu kabisa, wakati ada ya mwezi ilikuwa imekwisha kukusanywa. Hatukutangaziwa chochote, tulikuwa tunakuja, tunakaa, tunaambiwa "mwalimu yuko njiani". Aliyeletwa baadaye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mwenye akili nyingi na moyo mzuri, lakini alifundisha akiamini kwamba kila mmoja darasani ana hisabati safi. Kwenye mwendo rahisi wa kujirudia alianza moja kwa moja na kutafuta kiwango cha mabadiliko mara mbili, na mimi, ambaye somo la hisabati la mwisho lilikuwa BAM (Basic Applied Mathematics) ya kidato cha sita miaka tisa nyuma, nilinakili kutoka ubaoni kila alama bila kuelewa hata moja. Mtu aliyechelewa kama mimi anapaswa kujua kwamba upungufu wake mkubwa katika Fizikia huenda usiwe Fizikia. Nilitumia likizo yangu ya Desemba nikirudia aljebra, trigonometria na kalkulasi ya mwanzo peke yangu, kwa muda wa saa tatu kila asubuhi, na Januari nilipoketi tena darasani, kijana yuleyule akawa ghafla mwalimu anayeeleweka. Kituo kingeweza kutupima hisabati siku ya kwanza na kuwatengea wahitaji kipindi kimoja kwa wiki. Niliwaandikia pendekezo hilo. Sijui kama wamelifanyia kazi.

Nafika sasa kwenye maabara, na hapa naomba msomaji awe makini, kwa kuwa hapa ndipo fedha na ndoto za watu hupotelea. PCB ina karatasi tisa: kila somo lina karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo. Mtahiniwa wa kujitegemea hapunguziwi chochote kwenye praktiko. Anaingia maabara ileile na kushika vifaa vilevile anavyoshika mwanafunzi wa shule ambaye amekuwa akiingia maabara kwa miaka miwili. Kituo changu kilinitoza shilingi 150,000 za maabara siku ya kujiandikisha, kwa ahadi iliyoandikwa kwenye fomu kwamba kutakuwa na vipindi vinane. Hadi Januari hatukuwa tumeingia maabara hata mara moja. Kipindi cha kwanza kilifanyika Februari, katika chumba kilichokuwa na bureti tatu, yaani mirija ya kupimia vimiminika yenye bomba dogo chini, kwa watu 22. Nilisimama kwenye foleni ya kusubiri bureti kwa saa nzima, na zamu yangu ilipofika muda ulikuwa umekwisha. Kipindi cha pili, Machi, kilikuwa cha Fizikia: tuliunganisha waya wa mita moja, galvanomita (kifaa ambacho mshale wake huonyesha mkondo wa umeme) na betri, mshale haukutikisika, na baada ya kuhangaika na viunganishi kwa nusu saa tukagundua kwamba betri zote zilikuwa zimekwisha nguvu. Hakukuwa na nyingine.

Tuliokuwa na wasiwasi zaidi tulikuwa sita. Tulikwenda katika shule moja ya sekondari ya jirani, tukamwomba mkuu wa shule, naye akaturuhusu kutumia maabara Jumamosi tano mchana, chini ya fundi sanifu wa maabara wa pale, kwa shilingi 20,000 kila mtu kwa kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza ilikuwa taitresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani inatosha kuimaliza besi iliyo ndani ya chupa. Nilijaza asidi kwenye bureti hadi sifuri, nikaweka matone ya methili oranji kwenye chupa, nikafungua bomba taratibu huku nikiizungusha chupa kwa mkono wa kulia, na rangi ya njano ilipogeuka nikasoma 25.60. Nikarudia, nikapata 25.10. Nikarudia tena, 25.10. Nilidhani nimekosea mara mbili za mwisho. Fundi akaja, akainama kuangalia ncha ya bureti yangu, akauliza, "Dada, mara ya kwanza ulitoa hewa humu mdomoni?" Sikuwa nimeitoa, wala sikujua kwamba hutolewa. Akanieleza kwamba chini ya bomba kulikuwa na kipovu cha hewa. Kilipotoka katikati ya kazi, nafasi yake ilijazwa na asidi ambayo bureti iliihesabu kana kwamba imeingia kwenye chupa, ilhali haikuingia. Akanionyesha jinsi ya kufungua bomba lote kwa sekunde moja juu ya bika ya takataka hadi kipovu kitoke, ndipo niisawazishe kwenye alama, nikiwa nimeshusha macho hadi yalingane na sehemu ya chini ya mkunjo wa kimiminika. Dakika tatu za maelezo. Hakuna desa lolote kati ya niliyonunua lililokuwa na habari ya kile kipovu.

Jumamosi zilizofuata tulifanya mengine: thiosalfeti ya sodiamu na asidi, ukitazama kutoka juu hadi msalaba uliochorwa kwenye karatasi chini ya bika upotee kwa ukungu wa salfa, utambuzi wa chumvi isiyojulikana, pendulamu, na upasuaji wa panya, ambapo muuguzi wa kundi letu alitufundisha sote kushika mkasi kwa namna isiyotoboa utumbo. Mtihani ulipofika Mei nilikuwa nimeshika bureti kwa saa zisizopungua sita. Bado ni kidogo, na ningependa ziwe thelathini, lakini mkono haukutetemeka.

Kuhusu ushauri wa udahili, kituo kina dawati la ushauri na ubao wa matangazo, na kwa muda wote niliokuwa pale ubao huo uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba udaktari unahitaji "pointi 6 tu". Maneno hayo ni kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoangusha watu. Katika kidato cha sita A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye C ya Baiolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 6 kamili na hawezi kuomba udaktari, kwa sababu hana D ya Fizikia. Kijana mmoja wa darasa letu alikuwa amekwisha kuamua, Februari, kuiacha Fizikia ijiendee na kuweka nguvu zote kwenye Baiolojia, akiamini hesabu ya ubaoni. Nilimfungulia mwongozo wa TCU kwenye simu yangu tukausoma pamoja, mstari kwa mstari, na jioni ileile akahamia dawati la mbele kwenye kipindi cha Fizikia. Nilimwomba pia mtu wa dawati arekebishe tangazo. Alinisikiliza vizuri, lakini lilibaki vilevile hadi nilipoondoka. Vilevile hakuna aliyetueleza kwamba pointi 6 ni ruhusa ya kuomba tu. Vyuo huchagua kuanzia wenye alama za juu, na Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963, huombwa na watu wengi kuliko nafasi zilizopo. Ndivyo ilivyo pia katika vyuo vya Bugando, KCMC na Dodoma.

Kwa upande wa nyaraka, hata hivyo, namshukuru sana katibu wa kituo. Siku ya kujiandikisha alikataa kupokea fomu yangu hadi nilete cheti halisi cha kidato cha nne, akailinganisha herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa, akagundua kwamba jina langu la kati limeandikwa kwa "L" mahali pamoja na kwa "R" kwingine. Alinituma kwa wakili nikatengeneze hati ya kiapo mapema, mwezi Julai, nikiwa bado nina muda. Wakati ule niliona ananisumbua. Mwaka uliofuata, kwenye dirisha la maombi, ambalo hufunguliwa baada ya matokeo ya Julai na halikai wazi muda mrefu, niliwaona wenzangu wawili wakikimbilia kwa mawakili wakati mimi nimekwisha kutuma maombi yangu. Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka na kulipia kila ombi, na akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Kwa hiyo namba ya simu utakayoijaza iwe yako mwenyewe, na uwe nayo hewani.

Matokeo yangu yalikuwa B ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia, jumla pointi 9, na namba ya mtihani inayoanza kwa herufi P ya watahiniwa wa kujitegemea badala ya S ya wanafunzi wa shule. Niliomba vyuo vitano. Awamu ya kwanza sikuchaguliwa popote, na wiki zile nilizipitisha kwa shida. Awamu ya pili nikapata nafasi katika chuo kimoja binafsi, ambako nitaanza mwaka wa kwanza nikiwa na umri wa miaka 29.

Gharama nimezijumlisha ili msomaji asikisie. Ada ya miezi kumi ilikuwa shilingi 1,200,000. Maabara ya kituo ilikuwa 150,000, na baada ya kuandika barua nikiambatisha nakala ya fomu yenye ile ahadi ya vipindi vinane, mkurugenzi aliniita, akakiri kwamba ahadi haikutimizwa, akanirudishia 75,000. Maabara ya shule ya jirani ilinigharimu 100,000. Jumla ni 1,375,000, bila nauli, bila madesa, na bila ada ya Baraza la Mitihani.

Ningemshauri mwenzangu aende? Kwa Kemia na Baiolojia, ndiyo, na ningelipa tena ada ileile bila kusita, kwa sababu walimu wale wawili wanasahihisha kazi ya mtu mzima kwa heshima na kwa ukali unaostahili. Kwa Fizikia, ulizia kwanza ni nani anafundisha na ameanza lini, na kama hisabati yako imelala, iamshe kabla hujalipa. Fedha ya maabara usiitoe siku ya kujiandikisha. Waambie utalipa kipindi kwa kipindi, na wakikataa, tafuta wenzako watano na shule yenye fundi wa maabara mapema, Agosti au Septemba, msisubiri Machi kama tulivyosubiri sisi. Darasa jipya huanza Julai. Jumamosi moja ya Juni, kabla hujajaza fomu, omba kuoneshwa maabara, uhesabu bureti, na uwaombe waijaribu galvanomita ukiwa umesimama hapohapo.